Kucheza mpiga upinde Albion Online ukiwa Tanga: niliyopitia na ninayokushauri

Hii naiandika kwa ajili ya mtu anayetaka kucheza mpiga upinde kwenye gemu ya mtandaoni ya Albion Online akiwa huku kwetu, na simu ya kawaida, bando la kununua na umeme unaokatika bila taarifa. Mafunzo mengi ya upinde unayokutana nayo mtandaoni yametolewa na watu wa Ulaya wenye kompyuta na intaneti ya waya, wao wakibonyeza kitu kinatokea hapo hapo. Wewe ukibonyeza ukiwa Tanga kinatokea baadae kidogo, na huo ubaadae kidogo ndo unabadilisha kila kitu kuhusu upinde. Kuelewa hilo tu kumenigharimu seti nyingi sana za silaha na mavazi na silva, yani hela ya gemu, za kutosha, kuna usiku nimelia kabisa, na sioni sababu ya mtu mwingine kupita njia hiyo hiyo.

Kwa asiyeijua, gemu yenyewe ilitoka 2017, watengenezaji wapo Berlin Ujerumani, 2019 ikawa ya bure na Juni 2021 ikaja rasmi kwenye simu, hapo ndo na mimi nikaingia. Haina klasi ya kuchagua mwanzoni, ulichovaa ndo ulivyo. Ukishika upinde we ni mpiga upinde, ukishika fimbo ya moto we ni mchawi, kesho ukitaka unabadilisha. Ila usidhani utarukaruka hivo bure, kila silaha ina ngazi zake kwenye ile Destiny Board na zinapanda kwa kuua ukiwa umeishika silaha hiyo hiyo, kwa hiyo ukishaweka miezi kwenye upinde kuuacha kunauma.

Mimi nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa hapa Ngamiani. Mchana wateja wanakuja kwa mafungu, kuna saa hakuna mtu kabisa, basi hapo nacheza. Usiku nacheza kwa bando la usiku.

Nilipoanza kulikuwa na seva moja tu na ilikuwa Washington, Marekani. Pingi yangu, yani milisekunde ambazo unachobonyeza kinachukua kwenda kwenye seva na kurudi, siku nzuri ilikuwa 280 hivi, siku mbaya 400 na zaidi. Kwenye zoni ya bluu na ya njano, zile sehemu za ramani zisizo na hatari kubwa, hilo halikunisumbua, maana unapambana zaidi na majini na mizuka inayoendeshwa na kompyuta, nayo haina haraka. Kwenye danjeni za mtu mmoja, yani mapango ya mizuka unayoingia peke yako, upinde wa kawaida ni raha tupu. Unavaa Mercenary Jacket, ile koti ya ngozi ambayo ukiibonyeza damu yako inarudi kadiri unavyoumiza, unachagua Multishot kwa sababu inapiga wengi kwa mkupuo, alafu Enchanted Quiver inafanya mishale yako ya kawaida itoke haraka haraka. Unakusanya kundi, unakimbia nao kidogo wakusogelee wote wawe rundo moja, unageuka, unasimama, unabonyeza. Wanaisha.

Neno la kushika hapo ni unasimama. Mishale ya kawaida inatoka ukiwa umesimama, ukitembea inakatika, na sehemu kubwa ya nguvu ya upinde wa kawaida ipo kwenye mishale hiyo. Kwa hiyo kazi yote ya mpiga upinde ni kuamua lini asimame na wapi. Danjeni haikufundishi hilo vizuri maana mizuka inakusubiri umalize kujipanga. Binadamu hakusubiri.

Nikaingia zoni nyekundu nikiwa na seti ya T5, yani ya daraja la tano, nikafa. Nikanunua nyingine nikafa. Wasiojua, kwenye nyekundu na nyeusi ukiuawa unaacha kila kitu ulichobeba na ulichovaa, vingine vinaharibika hapo hapo na vilivobaki anachukua aliyekuua. Nilikuwa naangalia video, nafanya kama walivyofanya, wao wanarukia nyuma jamaa anapokuja, mimi nikibonyeza kurukia nyuma jamaa ameshafika ameshanichoma mara mbili. Nikaamini mimi ndo sifai. Nikanunua simu yenye ramu kubwa nikidhani tatizo ni simu, hela niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kuongeza mtaji wa kibanda. Simu ilisaidia picha zisigande, lakini pingi ni ile ile, umbali wa Tanga na Washington haupungui kwa simu mpya. Kama unasoma hapa na unawaza kununua simu kwa ajili ya gemu, kwanza angalia namba ya pingi ndani ya gemu. Kama picha zinaganda lakini pingi ni ndogo, hapo simu ndo tatizo. Kama picha zinaenda vizuri ila mapigo yanachelewa, ni mtandao, na simu ya laki tano haitabadilisha kitu.

Machi 2023 ikafunguliwa seva ya Singapore, wapo waliohamia huko, mi nikabaki. Aprili 29, 2024 ndo ikafunguliwa ya Ulaya, Amsterdam. Kwangu pingi ikawa 160 mpaka 180. Ukiwaambia watu wa huko Ulaya 170 wanashangaa unachezaje, lakini kwa mtu aliyetoka 300 ni tofauti ya kushinda na kufa.

Kilichoniumiza ni kwamba mhusika hahamishiki. Kila seva ina wahusika wake, silva zake, soko lake, na Destiny Board yake inayoanza upya. Mhusika wangu yule wa kike niliyemlea tangu 2021, pinde zake zote, nyumba yake kisiwani, farasi, vyote vinabaki Marekani. Nilikaa na hilo siku kadhaa nikishindwa kuamua. Binamu yangu wa Pongwe ambaye naye anacheza akaniambia, "Dada, ngazi utazipanda tena, ila ukibaki kule utakufa kwa kuchelewa maisha yako yote." Nikahama. Na kusema kweli kupanda mara ya pili kulikuwa kwepesi, njia nilikuwa naijua, na kila mtu kwenye seva alikuwa mgeni kwa hiyo hakuna aliyekuzidi sana. Ushauri wangu kwa anayeanza leo ni asianze tu popote ilimradi amefungua. Chagua Ulaya tangu siku ya kwanza, hata kama rafiki yako yuko Marekani, mwambie yeye ndo ahame.

Alafu wiki mbili hazijaisha, Jumapili ya Mei 12, nyaya za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zikapata hitilafu kusini huko, wote mnakumbuka siku ile, Tanzania nzima mtandao ulikufa au ukawa wa kuvuta. Mimi nilikuwa zoni nyekundu na upinde wa T6 niliotoka kuununua. Picha ikaganda. Ukikatika hivo mhusika wako hapotei, anabaki amesimama pale pale kwa muda, na mpita njia anakukuta umesimama kama mti. Niliporudi hewani siku za baadae nilikuwa mjini bila hata kiatu. Hakuna wa kumlaumu, lakini hapo ndo nilipojiwekea sheria ambayo sijaivunja mpaka leo: siingii zoni nyekundu na seti ambayo sina nyingine kama hiyo benki, na ninapovaa najiambia kabisa hii imeshaondoka, kama nitarudi nayo ni faida. Ukiingia ukiwa na hofu ya kupoteza upinde unacheza vibaya, unakimbia pale pa kusimama na unasimama pale pa kukimbia.

Sasa nije kwenye mapigano yenyewe, hapa nitachukua mda kwa sababu ndo kiini.

Adui mbaya kuliko wote kwa mpiga upinde mwenye pingi kubwa ni mtu wa kisu, hasa mwenye Bloodletter. Anaruka kwako, na lile pigo lake kubwa linauma zaidi damu yako ikishashuka, yani ukiwa umebakiwa na chini ya nusu anaweza kukumaliza ghafla hujajua kilichotokea. Wengi wetu tukimuona anakuja tunabonyeza Frost Shot haraka, ile inayokurusha nyuma huku mshale wa barafu unampunguza mwendo. Na hapo ndo tunakufa, maana yeye bado ana mruko wake mkononi, umetumia wako, anakurukia huko huko ulikoangukia na huna tena cha kukimbilia.

Nitakueleza pambano moja lilivyokwenda. Nilikuwa msituni upande wa mji wa Lymhurst nimetoka danjeni, nimeona jina jekundu, yani mchezaji mwenye nia ya kuua wenzake, linakuja juu ya farasi. Sikupanda farasi wangu, nilijua nitachelewa. Nikasogea sehemu ya wazi, mgongo wangu ukiangalia njia ndefu isiyo na miti. Akashuka. Nikampiga mshale wa sumu mmoja nikaanza kutembea, sio kukimbia kwa skili ya viatu, kutembea tu, kwa pembeni. Akaruka, akanifika, akanichoma. Nikamwacha, sikubonyeza kitu. Damu ikashuka kama robo. Vidole vinataka kubonyeza lakini nikasubiri aruke mara ya pili, alipotua tu nikabonyeza Frost Shot, na kwa sababu ya kuchelewa kwangu ilitoka wakati ameshamaliza kuchoma, ambayo ndo nilitaka. Nikaruka nyuma, yeye amepunguzwa mwendo, hana mruko tena. Hapo sasa nikasimama. Enchanted Quiver, mishale ikatoka mfululizo, koti likanirudishia damu, akajaribu kugeuka kukimbia na mwendo ule wa barafu. Alikuwa na begi zuri sana yule jamaa.

Hakuna ujanja mkubwa hapo ukiangalia. Ni kwamba skili ya kukimbilia unaitumia baada ya adui kumaliza ya kwake, kamwe sio kabla. Na kwa mtu wa Tanga unaongeza jambo la pili: usibonyeze kwa kuona, bonyeza kwa kujua. Ukisubiri uone anaruka ndo ubonyeze umechelewa tayari. Jifunze silaha za wenzio zinachukua mda gani kurudi, hesabu kichwani, ukijua mruko wake unarudi sasa hivi we ondoka kabla haujarudi. Mimi nilivaa kisu wiki nzima kwenye danjeni ili nijue tu kinaumaje na kinarudi lini, na hiyo wiki imenisaidia kuliko video zote.

Hivo hivo na Ray of Light, ule mwanga unaoshuka kutoka juu. Usiuweke alipo mtu. Uweke mbele ya anakoelekea, kwa pingi ya 170 weka mbele zaidi ya unavyodhani, na kama kuna kona au mlango lazima apite hapo basi weka hapo. Kwenye simu unaburuta kidole kulenga, na kidole chenyewe kinafunika sehemu ya skrini, kwa hiyo mi nimezoea kuburuta nikiwa nimetoka kidogo pembeni ili nione.

Farasi. Watu wanamdharau farasi. Ukishuka anabaki pale uliposhukia kwa muda, ukiwa karibu naye unapanda haraka, ukiwa umeenda mbali unaanza upya na inachukua sekunde kadhaa, na ukipigwa mshale mmoja tu katikati inakatika. Kwa hiyo ua mizuka karibu na farasi. Ukiona kundi zuri lipo mbali, lifuate ukiwa juu ya farasi, shuka hapo, vuta kundi lirudi kwako. Na kwenye zoni nyekundu kuna namba inayoonyeshwa ya watu wenye nia mbaya walioko kwenye ramani hiyo, iangalie kila dakika. Ikitoka 0 ikawa 1 unaweza kuendelea kwa tahadhari, ikiruka ghafla ikawa 6 hao ni kundi la kuvizia, panda uondoke, hakuna sanduku la kufia. Zoni nyeusi haina namba hiyo. Mpaka leo nyeusi sipiti peke yangu.

Kingine kinahusu kucheza kazini. Gemu haisimami. Niko zoni nyekundu katikati ya danjeni, mteja anafika dirishani, "Dada shikamoo, natoa elfu hamsini," huwezi kumwambia subiri, na hesabu ya pesa ya mtu sio kitu cha kufanya nusu akili iko kwingine. Siku moja nilimpa mama mmoja noti pungufu, akarudi, mwenyewe hakugomba hata, alisema tu "mwanangu hesabu tena," na aibu niliyoipata ile sitaki kuikumbuka. Tangu hapo mchana kibandani nafanya vitu vya zoni ya bluu tu, nakata miti, napanga soko, natengeneza pinde. Nyekundu ni usiku, mlango umefungwa, pawabanki imejaa hata kama umeme upo.

Na kutengeneza pinde kuna hela yake. Lymhurst ni mji wenye nafuu ya kutengeneza pinde, ukitengenezea hapo unarudishiwa mali ghafi zaidi kuliko mji mwingine. Upinde mmoja wa kawaida unakula mbao 32. Mwanzo nilikuwa nanunua kila kitu sokoni kwa bei ya juu kwa sababu nina haraka, sasa hivi naweka oda ya kununua kwa bei ninayotaka alafu naenda kulala, asubuhi nakuta zimejaa. Mpiga upinde anayekufa sana lazima awe mfanyabiashara, hakuna namna nyingine, labda uwe na hela halisi ya kununua goldi, ile dhahabu ya gemu.

Na hapo kwenye goldi naomba mnisikilize vizuri wadogo zangu. Goldi ya kampuni yenyewe ipo, unanunua ndani ya gemu kwa kadi, unaibadilisha kuwa silva, ni halali. Lakini kuna watu kwenye magrupu wanauza silva kwa bei ya kutupa, tuma hela kwa simu tukuletee. Hiyo sheria za gemu haziruhusu, akaunti inafungiwa. Na wengine hata silva hawana. Kijana mmoja alikuja kibandani kwangu kutuma hela kwa mtu wa hivo, nilimuuliza nikamwambia usitume, akatuma. Hakupewa kitu. Alikuwa mwanafunzi, hela ilikuwa ya matumizi ya mwezi. Na hela ya wakala ikishatolewa upande wa pili kuirudisha ni kazi kubwa, mi nafanya kazi hiyo najua.

Bando pia nisiliache. Kucheza kwenyewe hakuli data sana, kinachokula ni apdeti, zile kubwa ni za giga. Usipakue kwa bando lako, tafuta waifai ya mtu, hata ya ofisini kwa rafiki, ukae nayo nusu saa. Na usiingie zoni hatari siku ya kwanza ya apdeti maana wanabadilishaga skili, upinde uliouzoea jana unaweza kukuta leo unarudi taratibu zaidi.

Sasa hivi nipo kwenye gildi, yani chama cha wachezaji, yenye Waswahili, wengi ni wa Dar na Mombasa, wachache wa Zanzibar. Kwenye vita vya kundi maisha ya mpiga upinde ni rahisi kuliko peke yako kama una nidhamu. Unakaa nyuma ya tanki, yule anayekaa mbele kupokea mapigo, hupigi mpaka anayeongoza aseme, na ukisikia rudi unarudi hata kama adui amebakiza damu kidogo kabisa. Anayetuongoza ni kaka wa Mombasa, mpole sana, lakini ukimkimbilia mtu mwenye damu kidogo anakutaja jina mbele ya wote. Na yuko sahihi, maana mpiga upinde anayetoka kwenye mstari anavuta na mponyaji amfuate, mponyaji akifa wote tumekwisha.

Mnaouliza mnaanza na upinde upi: anzeni na huu wa kawaida wenye Enchanted Quiver, upelekeni danjeni mpaka muweze kuvaa T5 bila kuhesabu hela. Ukitaka kuingia kwenye makundi chukua Longbow, ile mvua ya mishale inafunika eneo kubwa na kuchelewa kwa pingi hakuisumbui sana kwa sababu unalenga sehemu, sio mtu. Warbow mi bado siipendi kwa pingi yetu, pigo lake kubwa ni la kulenga mtu anayekimbia na nakosa mno, ila binamu yangu wa Pongwe anaitumia na anaua nayo, kwa hiyo mkimpata ulizeni yeye.